Paa lisisubiri fedha za korosho

Mhariri,

Kila mwaka ni vilevile. Minada ya korosho inafunguliwa Oktoba, fedha zinafika mkononi Novemba, na hapo ndipo wenye nyumba za zamani Mikindani na Lindi mjini wanapoita fundi wa paa, mawingu yakiwa yameshatanda. Fundi anaharakisha, anapaka lami, anashuka. Lami hiyo jua huipasua, na maji yaliyonasa chini yake huendelea kula bati kimyakimya.

Nyingi ya paa hizo bati lake bado lina miaka. Zinavuja kwenye misumari, na misumari haihitaji kusubiri korosho. Mpira wa msumari hukauka, upepo hulitikisa bati, tundu hupanuka. Kuugongomea msumari uleule ni kazi bure, maana papi, ule ubao unaobeba bati, limeshalegea. Ung'oe. Palipokuwa na wa inchi 2 weka wa inchi 2½ wenye mpira mpya, juu ya mgongo wa bati, si kwenye bonde maji yanakopita. Mpira ukishashika, acha nyundo. Ukizidisha, mgongo unabonyea na kuwa kisahani cha maji.

Doa la dari lisikudanganye. Maji huingia juu, hutambaa na papi, yakadondokea mbali. Panda darini saa sita mchana, kaa gizani kidogo: kila nukta ya mwanga ni tundu. Ipenyezee njiti ya chelewa ili aliye juu aione. Maungio hayapitishi mwanga, kwa hiyo yamwagie maji ukianzia chini kupanda juu, mtu akiwa ndani anatazama.

Kwa nyumba za ufukweni, kagua bati upande wa chini kwenye upenu. Huko mvua haifiki kuosha chumvi, kwa hiyo kutu huanzia huko wakati juu bado kunang'aa. Likishatoboka, hapo sawa, subiri fedha ununue geji 28. Namba ndogo ndiyo bati nene. Wengi hununua 32 wakidhani wamepata bora.

Kuta za mawe ya matumbawe zina lake. Bati linapokutana na ukuta, watu huziba kwa saruji, nayo ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, ikibanduka inaondoka na jiwe. Chimbia ukanda wa bati ukutani, kisha ziba kwa chokaa 1 na mchanga 3. Ukanda upakwe lami kwanza, kwani chokaa mbichi hula zinki. (Lami ina kazi yake, kumbe.)

Upepo nao tusiusahau. Tufani ya Aprili 1952 iliipiga Lindi hii hii. Upepo huanza kung'oa pembeni, kwa hiyo kingo zote zipigiwe msumari kila mgongo wa pili. Kenchi nyingi za zamani, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zimekaa tu juu ya ukuta kwa uzito wake. Zifungwe kwa ukanda wa chuma ulioshuka ukutani angalau nusu mita.

Kazi ya misumari ifanywe Septemba, upepo wa kusi ukishapoa. Mwezi wa Julai bati likiwa mkononi huwa tanga.

Fundi paa,
Mikindani, Mtwara