Zuhura, fungua lile sanduku la Bi Mwema

Tanga, Jumapili usiku

Zuhura wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, umeme umekatika, naandika kwa taa ya simu. Ya Saidi nitakuambia siku nyingine. Leo nina la baba.

Amepata cheti kipya cha kuzaliwa, anahangaikia pasipoti ya kwendea Hija. Kimeandikwa 18 Februari 1964. Akakitazama, akasema, "Mimi nimezaliwa Alhamisi." Chakula hakugusa.

Nikashika kalamu. Mapinduzi, 12 Januari 1964, yalikuwa Jumapili, hilo kila mtu kwetu analijua. Toka hapo mpaka tarehe 18 Februari ni siku 37. Toa 35 za wiki tano, zinabaki mbili. Na siku zetu zina raha, zimeshajihesabu zenyewe: Jumamosi moja, Jumapili mbili, mpaka Jumatano tano, Alhamisi ipe sita, Ijumaa saba. Mbili na mbili, nne. Jumanne! Baba akasema, "Mimi Khamis, siitwi Jumanne."

Nikaijaribu hesabu kwa Muungano: 12 Januari hadi 26 Aprili, na Februari ile ilikuwa na siku 29, ni siku 105, wiki 15 kamili. Jumapili tena, na kweli ilikuwa Jumapili.

Sasa weka 13 badala ya 18. Siku 32, toa 28, zinabaki nne. Mbili na nne, sita. Alhamisi, Zuhura! Tatu ikifungwa kidogo na wino inakuwa nane. Halafu bibi, Mungu amrehemu, alikuwa akisema uchungu ulimshika watu wanakula daku, akajifungua adhuhuri. Ramadhani ya mwaka ule iliisha katikati ya Februari. Tarehe 18 Idi imeshapita, daku ya nani tena?

Baba amenirudishia hesabu mara tatu, anahesabu kwa vidole pamoja nami. Lakini karani hataki hesabu, anataka karatasi.

Ndiyo nakuomba: ufunguo wa sanduku la Bi Mwema anao nani siku hizi? Daftari la babu bado limo, au mchwa wameshalifikia? Uzazi wa watoto aliuandika kwa tarakimu za Kiarabu? Kama ni hivyo ndiyo bora, kule tatu na nane hazifanani hata kidogo. Unaweza kuupiga picha ukurasa huo kabla ya Ijumaa? Na mtoto wa Rukia kazaliwa siku gani, mmeshampa jina?

Wako,
Mwanaidi