Mkono wa Barney Kessel

Tanga, Jumapili usiku

Ndugu yangu Salim,

Salaam nyingi. Huku hatujambo. Umeme umekatika tangu magharibi, nami nimewasha kandili nikuandikie.

Siku ile ulipolalamika kwamba gitaa lako linalia kwenye kila daladala na jina lako halitajwi popote, nilikutajia Barney Kessel, mpiga gitaa wa jazi wa Marekani, ukasema humjui. Unamjua, ila hujaambiwa tu kuwa ni yeye. Tafuta wimbo “Cry Me a River” wa Julie London, wa mwaka 1955. Mle hamna ngoma wala kinanda. Kuna sauti ya bibie, besi la Ray Leatherwood na gitaa la Kessel, basi. Bibie akiimba, Kessel anajibana pembeni. Akivuta pumzi, naye anaingia, neno moja mawili, anatoka. Leo nimeurudia mara sita kabla giza halijatukuta, na kuna kodi moja ya gitaa, ule mshiko wa nyuzi kadhaa kwa pamoja, bado vidole vyangu vinaikataa.

Alizaliwa Muskogee, Oklahoma, mwaka 1923, na gitaa la kwanza alilinunua utotoni kwa hela za kuuza magazeti. Mwaka 1944 ilitengenezwa filamu fupi ya wanajazi, wote weusi isipokuwa yeye. Wakubwa wa Hollywood wa wakati ule hawakutaka rangi zichanganyike, basi akakalishwa gizani, mikono ikapakwa maji ya matunda ili isionekane nyeupe. Hebu fikiria, ndugu yangu: wewe jina limefichwa, mwenzio alifichwa mpaka ngozi!

Baadaye akarekodi na mpiga saksafoni Charlie Parker, 1947, akakaa kama mwaka mmoja na mpiga kinanda Oscar Peterson, kisha akazama studio za Los Angeles. Huko ni kazi ya kibarua hasa: unakuta karatasi ya muziki mezani, unapiga, unalipwa, unakwenda studio nyingine. Yumo hata kwenye albamu ya Pet Sounds ya bendi ya Beach Boys, 1966.

Ila mimi namhesabia zaidi sahani za santuri alizopiga na Ray Brown na Shelly Manne kuanzia 1957, wakijiita Poll Winners. Gitaa, besi, ngoma. Hakuna kinanda cha kuziba mapengo, kwa hiyo gitaa lake linacheza solo na rithimu kwa mkono uleule. Wewe uliyezoea kuwa na mpiga rithimu wa kukubeba, jaribu uone jasho lake. Kiharusi kilimnyamazisha mwaka 1992, akafariki 2004.

Nyuzi ulizoagiza nimezipata, pakiti mbili, nitampa kondakta wa basi la Ijumaa asubuhi. Ukija Tanga njoo na gitaa. Ile kodi naitaka kabla hujaondoka tena.

Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Hamisi