Amri Kumi tusizianzie katikati

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba mafundisho ya maadili ya Kanisa Katoliki yametungwa na mapapa, kisha zikatafutwa aya za Biblia za kuyapamba. Alimaliza kwa kututaka tumwonyeshe aya. Mimi ni katekista, yaani mwalimu wa dini. Nimefundisha wakatekumeni, yaani watu wanaojiandaa kubatizwa, na watoto wa komunyo ya kwanza kwa miaka 26, na barua yake niliirudia mara tatu kwa sababu ilinikumbusha swali nililowahi kushindwa kulijibu.

Aliyeuliza alikuwa binti wa miaka kama 12. Darasa zima lilikuwa limemaliza kukariri Amri Kumi, kwa ule mwendo wa kuimba tunaoujua wote: "Ndimi Bwana Mungu wako, usiabudu miungu wengine," na kuendelea mpaka kwenye mali ya mtu mwingine. Akanyoosha mkono. "Mwalimu, mbona Mungu anaanza kwa kutukataza? Hata hajatuambia ametufanyia nini." Nikamjibu kwamba Mungu ndiye mwenye mamlaka, akishasema yametosha. Aliketi bila neno, nami nikajua nimemfunga mdomo tu.

Usiku ule nilifungua kitabu cha Kutoka, sura ya 20. Aya ya pili inasema: "Mimi ni Bwana, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri, katika nyumba ya utumwa." Jibu la yule mtoto lilikuwa hapo miaka yote. Ile namna fupi tunayokariri inabakiza "Ndimi Bwana Mungu wako" na kuyaacha maneno yanayofuata, na mimi nilikuwa nimeifundisha miaka 11 bila kuona kilichoachwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu rasmi cha mafundisho kilichotolewa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 1992, imezipanga Amri kwa safu tatu: Kutoka, Kumbukumbu la Torati, na ile namna ya kukariri. Ukizisoma kwa kulinganisha, utaona mara moja ni safu ipi isiyoitaja Misri.

Nimekaa sana kwenye aya hii moja kwa sababu kwangu ndiyo msingi wa yote. Tazama mpangilio wa kitabu chenyewe. Sura ya 3 Mungu anasikia kilio cha watumwa. Sura ya 14 wanavuka bahari. Sura ya 16 wanalishwa mana, tena huku wakinung'unika. Amri zinakuja sura ya 20. Hakuna mahali ambapo Waisraeli waliambiwa wakiwa bado kwenye matofali ya Farao: shikeni kwanza amri, ndipo niwatoe. Wayahudi wenyewe katika mapokeo yao wanaihesabu aya hiyo ya ukombozi kuwa ndiyo Neno la kwanza kati ya yale kumi. Na Biblia ya Kiebrania huyaita kweli "maneno kumi".

Sheria nyingine zinazofuata zinabeba kumbukumbu hiyohiyo. Usimwonee mgeni, kwa kuwa ninyi mlikuwa wageni Misri. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 5, mtumwa wako apumzike siku ya Sabato, kwa sababu na wewe ulikuwa mtumwa. Mtu aliyetolewa anaambiwa asiwe Farao wa mwenzake. Basi mtu akiniuliza maadili ya Kikatoliki yanasimama juu ya nini katika Biblia, simpi kwanza orodha ya aya. Namsomea tukio hili.

Sasa twende kwa Bwana wetu. Mwaka 1993 Papa huyohuyo, Yohane Paulo wa Pili, aliandika waraka mkubwa kuhusu misingi ya maadili, na sura yake nzima ya kwanza ni tafakari juu ya kijana tajiri wa Mathayo 19. Msomaji mwenzangu anayedhani mapapa huanza na sheria za Roma, na aanzie hapo. Kijana anauliza atende jambo gani jema ili apate uzima wa milele. Yesu anamwambia azishike amri, kisha anazitaja: usiue, usizini, usiibe, usishuhudie uongo, waheshimu baba na mama, na mpende jirani yako kama nafsi yako. Zihesabu vizuri. Zile zinazomhusu Mungu moja kwa moja hazimo. Kijana anasema zote amezishika, amepungukiwa nini tena? Ndipo anaambiwa auze alivyo navyo, awape maskini, "kisha njoo unifuate".

Mimi nasoma hivi: mahali pale palipoachwa wazi, pa kumpenda Mungu kwa moyo wote, Yesu anajiweka mwenyewe. Unifuate. Anayeamuru ni yuleyule anayetangulia njiani. Marko anaongeza neno ambalo silipiti bila kusimama: Yesu alimtazama, akampenda. Alimpenda kabla ya kumwambia lolote kuhusu mali. Ni mpangilio uleule wa Kutoka.

Lakini najua msomaji mwenzangu bado anasubiri aya. Alitaja utoaji mimba, akasema hakuna andiko linaloutaja waziwazi. Ni kweli kwamba hutapata aya yenye maneno "usitoe mimba". Utapata Mwanzo 1:27, mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Utapata Yeremia akiambiwa kwamba Mungu alimjua kabla hajamuumba tumboni. Utapata mtoto Yohane akiruka tumboni mwa Elizabeti mbele ya Bwana ambaye naye bado yuko tumboni. Na utapata "usiue". Kisha utapata Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, ambayo wengi huyaweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa ya pili, yakisema bila kuzunguka kwamba usimuue mtoto kwa kutoa mimba. Wale waliotumwa kuitunza Injili tangu mwanzo waliielewa hivyo, karne nyingi kabla ya mtaguso wowote wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu.

Namna hiyo ya kusoma haikuanzishwa na Wakatoliki wa jana. Nampeleka ndugu yangu Matendo ya Mitume, sura ya 15. Waamini waliotoka kwa Mafarisayo walidai watu wa mataifa watahiriwe. Na walikuwa na aya! Mwanzo 17 inasema asiyetahiriwa atakatiliwa mbali na watu wake. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu, wakahojiana sana. Petro akasimulia jinsi Roho Mtakatifu alivyowashukia watu wasiotahiriwa. Barnaba na Paulo wakaeleza waliyoyaona. Yakobo akafungua nabii Amosi, akaonyesha kwamba mataifa walikuwa wameahidiwa nafasi yao. Halafu wakaandika barua: "Ilimpendeza Roho Mtakatifu na sisi." Hebu fikiri uzito wa hilo "na sisi". Kanisa lilisoma Maandiko yote kwa pamoja, likatazama alichokwisha kutenda Mungu, likaamua. Kama kanuni ingekuwa kuonyesha aya moja tu, siku ile Mafarisayo wangeshinda.

Paulo naye anajua kutofautisha. Katika 1 Wakorintho 7, kuhusu kuachana kwa wanandoa anasema ni amri ya Bwana, si yake. Aya chache mbele anasema hili nasema mimi, wala si Bwana. Na kuhusu mabikira anasema hana amri ya Bwana bali anatoa shauri. Hata hivyo yote yamo ndani ya Maandiko, na yote anayaandika kama mtu aliyepewa jukumu. Kanisa lina haki ya kufundisha kwa uangalifu huohuo, kila fundisho na uzito wake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema mwaka 1965 kwamba mamlaka ya ufundishaji haiko juu ya Neno la Mungu, bali inalitumikia.

Suala la adhabu ya kifo, ambalo naye alilitaja, nitalipitia haraka. Ndiyo, mwaka 2018 Papa Fransisko aliidhinisha maneno mapya katika Katekisimu, kwamba adhabu hiyo haikubaliki. Ndiyo, Mwanzo 9:6 inasema amwagaye damu ya mtu, damu yake itamwagwa. Isome aya hiyo mpaka mwisho: sababu inayotolewa ni kwamba mtu ni mfano wa Mungu. Muuaji naye ni mtu. Na katika sura ya 4 Mungu mwenyewe alimtia Kaini alama ili asiuawe.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo msomaji mwenzangu amelisema vizuri kuliko alivyojua. Kwa muda mrefu vitabu vya maadili vya Kikatoliki viliandikwa hasa kwa ajili ya mapadre waungamishaji: dhambi hii ina uzito gani, mazingira gani yanaipunguza. Maandiko yaliingia mwishoni, kama chumvi inayonyunyizwa chakula kikiwa tayari mezani. Mtaguso huohuo uliliona hilo, ukaagiza katika hati yake kuhusu malezi ya mapadre kwamba taaluma ya maadili ilishwe zaidi na Maandiko Matakatifu, ionyeshe ukuu wa wito wa waamini katika Kristo. Mwaka 2008 Tume ya Kipapa ya Biblia ikatoa hati nzima kuhusu Biblia na maadili, na wazo lake kuu ni lile alilolidai binti wa darasani kwangu: zawadi ya Mungu inatangulia, mwenendo wa mtu ni itikio. Kwa hiyo lawama ile haikuwa ya bure. Sisi makatekista tumekuwa wazito kubadilika, na nasema hivyo nikijihesabu wa kwanza.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na mkatekumeni mtu mzima, mjenzi, mwenye vibarua chini yake. Siku tuliyofika amri ya saba aliniambia kwa fahari kwamba hajawahi kuiba hata msumari. Nikamwomba asome kwa sauti Kumbukumbu la Torati 24:14-15, kibarua apewe ujira wake siku ileile kabla jua halijachwa. Kisha Waraka wa Yakobo 5:4, ule ujira uliozuiwa kwa hila ambao unapiga kelele, na vilio vya wavunaji vikaingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Nikamwonyesha kwamba Katekisimu inakiweka kilio hicho pamoja na damu ya Abeli na kilio cha Waisraeli wakiwa Misri, na kwamba Papa Leo wa Kumi na Tatu aliirejea aya hiyo ya Yakobo mwaka 1891 alipoandika kuwatetea wafanyakazi. Alisoma taratibu, akafunga kitabu, akaaga mapema. Wiki tatu hakuonekana. Nilifikiri ameondoka kama yule kijana wa Mathayo, ambaye mwishowe alikwenda zake kwa huzuni. Wiki ya nne alirudi, akaketi mahali pake, akauliza tumefika amri ya ngapi. Sikumhoji, naye hakunieleza.

Kwa msomaji mwenzangu ninalo swali moja, na nitafurahi akinijibu hapahapa: angekuwa Yerusalemu siku ile ya Matendo 15, angesimama upande gani, na kwa aya ipi?

Kwa makatekista wenzangu ninalo ombi. Mimi siku hizi sianzi Amri Kumi kabla watoto hawajasikia Kutoka sura ya 3, Mungu akisema ameyaona mateso na amesikia kilio. Tukifika kukariri, nawafundisha hivi: "Ndimi Bwana Mungu wako niliyekutoa Misri, katika nyumba ya utumwa, usiabudu miungu wengine." Inahitaji pumzi moja zaidi, na watoto huishika siku hiyohiyo.

Wako katika Kristo,
Katekista, msomaji wenu wa siku nyingi