Chebet, nafuta neno nililokwambia

Kisumu, Jumapili jioni

Kwako dada yangu Chebet,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo wa ziwa. Sisi tu wazima. Mama bado anauliza utamletea lini ile mala nzito aliyoionja Krismasi. Natumai mvua imeshika huko Lanet, Nakuru, na ng'ombe wanashiba.

Nakuandikia kwa sababu kuna neno nililokwambia nikiwa kwako, na tangu nirudi Kisumu limeninyima usingizi.

Unaikumbuka siku yenyewe. Saa kumi za alfajiri taa ya kibanda cha maziwa ilikuwa inawaka, wewe unamimina yogati, mimi nafunika vikombe. Tukapanga kreti 32 kwenye Probox, moja nikaipakata. Saa tatu tulikuwa mlango wa nyuma wa ile supamaketi. Kijana wa kupokea mzigo akahesabu, akatia alama kwenye LPO, ile hati yao ya kuagiza mzigo, kisha akasukuma kando kreti 11. "Friji imejaa, mama." Mzigo walikuwa wameuagiza wenyewe siku mbili kabla, kwa karatasi yenye muhuri wao. Vikombe vilikuwa bado vinatoka jasho la baridi. Ukaenda dirisha la wahasibu ukapewa hundi ya mauzo ya miezi minne iliyopita, na kwenye taarifa ya malipo walikuwa wamekata mara tatu: asilimia ya mauzo ambayo hukuikubali popote, mchango wa kufungua tawi jipya, na gharama za promosheni ambayo hukuulizwa. Na yule msichana anayepanga yogati yako kwenye rafu zao, mshahara wake unautoa wewe.

Jioni, tulipokuwa tunagawia majirani zile kreti 11 kabla hazijachacha, uliniuliza, "Wewe ni wakili, hii ni haki kweli?" Nikakujibu, "Vumilia. Wakikutoa kwenye rafu utauza wapi?"

Neno hilo ndilo ninalolifuta leo. Sikulisema kwa ubaya. Kazi yangu miaka yote imekuwa mashamba na urithi, na sheria ya ushindani, ile inayozuia kampuni zenye nguvu kulikandamiza soko, niliiona kama jambo la majitu yanayopigana huko mbali. Nilijua Umoja wa Ulaya uliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 mwaka 2017 kwa kupendelea huduma yake ya kulinganisha bei, na kwamba mahakama ya juu kabisa ya Umoja huo iliithibitisha faini hiyo mwaka 2024. Nilijua mwaka huohuo jaji wa Marekani aliamua kwamba Google inashikilia soko la utafutaji kinyume cha sheria, sheria ambayo Wamarekani wanayo tangu 1890. Nikajiuliza, mambo haya yanamhusu nini mama anayechachusha maziwa Lanet?

Basi nimekaa wiki tatu nikisoma, na nimegundua yanakuhusu sana. Kwa miaka mingi swali kubwa la sheria hii, hasa Marekani, lilikuwa moja: je, mnunuzi wa mwisho anauziwa ghali? Kama bei dukani iko chini, mambo ni sawa. Hakuna aliyegeuka kumtazama aliyeliuzia duka hilo bidhaa, yule ambaye bei ya chini inatolewa mfukoni mwake. Siku hizi wanageuka, nchi baada ya nchi. Desemba 2024 mahakama huko Oregon ilizuia kampuni mbili kubwa za supamaketi za Marekani, Kroger na Albertsons, zisiungane kwa dola bilioni 24.6, na madhara kwa wafanyakazi wa maduka hayo yalikuwa sehemu ya hoja za kesi pamoja na madhara kwa wateja. Mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ukazitoza kampuni za kupeleka chakula, Delivery Hero na Glovo, ndiyo, Glovo hawa wenye mabegi ya njano tunaowaona barabarani, euro milioni 329, na moja ya makosa yao lilikuwa kukubaliana wasichukuliane wafanyakazi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni mambo ya chakula. Uingereza wana msimamizi wa kanuni za supamaketi tangu 2013, kazi yake ni kusikiliza wanaoziuzia. Mwaka 2016 alitangaza kwamba supamaketi ya Tesco ilikuwa ikiwacheleweshea wauzaji wake malipo kwa kujua, ili hesabu zake yenyewe zipendeze. Tesco, Chebet! Kumbe na huko kuna watu waliosimama kwenye dirisha la wahasibu kama wewe.

Umoja wa Ulaya nao, mwaka 2019, ulipitisha kwamba chakula kinachoharibika haraka kilipwe ndani ya siku 30. Maziwa yamo, mboga zimo. Mnunuzi haruhusiwi kumlipiza kisasi muuzaji aliyelalamika, na mlalamikaji anaweza kuomba jina lake lifichwe. Tena sheria hiyo haikomei mipakani mwao: mkulima wa mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuuza nje, wa Naivasha, hapo hapo kaunti yenu, akimuuzia moja kwa moja mnunuzi mkubwa aliye Ulaya, naye imemfunika. Afrika Kusini walirekebisha sheria yao mwaka 2018, wakakataza mnunuzi mwenye nguvu asimkandamize muuzaji mdogo, kisha wakaongeza jambo ambalo nililisoma mara mbili: ni kosa pia kuacha kununua kwake ili kuikwepa sheria hiyo. Yaani walijua hofu yako ilivyo, wakaiandikia kifungu.

Sasa njoo nyumbani. Sheria yetu ya Ushindani ni ya 2010, ikaanza kutumika Agosti 2011. Mwaka 2019 ilirekebishwa, kikaingia kifungu cha 24A kuhusu matumizi mabaya ya nguvu za mnunuzi. Nilipokisoma nilihisi kama aliyekiandika alikuwa nasi mlango wa nyuma asubuhi ile. Kuchelewesha malipo bila sababu ya haki na kinyume cha mlivyokubaliana: kosa. Kukataa mzigo au kuurudisha bila sababu ya haki: kosa. Kumbebesha muuzaji gharama za promosheni: kosa. Kumtupia hasara ambayo mnunuzi ndiye aliyepaswa kuibeba: kosa. Na mkataba wenyewe unatakiwa utaje tarehe ya kulipa na riba ya kuchelewesha. Wako hauna hata kimoja, nimeutazama tena kwenye ile picha uliyonitumia.

Na si maneno ya kitabuni tu. Februari 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua malalamiko ya kampuni ndogo, Orchards, dhidi ya wanaoendesha supamaketi za Carrefour hapa nchini. Unajua Orchards walikuwa wanauza nini? Yogati! Walikatwa asilimia, wakarudishiwa mzigo, wakatakiwa kutoa watu wao wa kupanga rafu, mwisho wakatolewa dukani. Mamlaka ikawapa haki, na Aprili 2021 Baraza la Ushindani, linalosikiliza rufaa, likashikilia uamuzi huo. Faini haikufika hata shilingi laki mbili, kwa hiyo magazeti mengi hayakuitilia maanani. Lakini mlango ulikuwa umefunguliwa. Desemba 2023 wauzaji wengine wawili, mmoja wa asali na mwingine wa mafuta ya kupikia, walisikilizwa dhidi ya kampuni hiyohiyo, na safari hii faini ilipita shilingi bilioni 1.1, pamoja na amri ya kuwarudishia wauzaji hao zaidi ya milioni 16 walizokatwa. Miezi minne kabla, Mamlaka ilikuwa imewatoza watengenezaji 9 wa vyuma shilingi milioni 338.8 kwa kupanga bei pamoja. Ile nondo uliyonunua ukijenga kibanda, huenda bei yake ilipangwa mezani.

Sikufichi ugumu wake. Kesi hizi huchukua muda, na kampuni kubwa hukata rufaa hadi mtu achoke. Faini nayo haiingii mfukoni mwa muuzaji, kinachomrudia ni kile alichokatwa. Na bado kuna kazi ya mipakani: supamaketi ikiwa na matawi nchi nne, nani aishike? Tume ya ushindani ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, iko Lilongwe na imefanya kazi tangu 2013, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mamlaka yake Arusha, na mwaka 2023 Umoja wa Afrika ulipitisha itifaki ya ushindani chini ya soko huru la bara zima. Nani atangulie wapi, ni swali gumu. Lakini kesi yako haihitaji kungoja hayo. Duka liko Nakuru, yogati ni ya Nakuru, na sheria ni ya Kenya.

Najua utaniambia usiamshe aliyelala. Nami nakuuliza, umesahau supamaketi za Nakumatt? Jina lenyewe lilizaliwa hapo kwenu, kutoka Nakuru Mattresses, na watu wote walijivunia. Ilipoanguka, wauzaji wake wakabaki na madeni ya mabilioni. Wengi wao walikuwa wamevumilia. Walikaa kimya miezi, wakiamini kwamba ukimya utawaweka kwenye rafu, na siku rafu zilipobaki tupu ukimya wao haukuwalipa hata senti. Sitaki uwe kwenye orodha ya namna hiyo, na mimi ndiye niliyekuambia unyamaze.

Kwa hiyo ninakuomba hivi. Usimwambie mtu yeyote dukani bado. Endelea kupeleka mzigo kama kawaida, lakini kila kreti inayorudishwa, mwambie yule kijana aandike sababu kwenye karatasi ya kupokelea mzigo na atie sahihi. Akikataa, andika wewe: siku, saa, idadi, na alichosema. Ujumbe wote wa simu kutoka kwa meneja wa manunuzi usiufute, hata ule wa kukusalimia. Zungumza polepole na yule mzee wa mayai na akina mama wa mkate wa Bahati, kwa sababu mambo haya hayajakupata peke yako, na malalamiko ya watu watano ni mazito kuliko ya mmoja. Habari za biashara yako unaweza kuomba Mamlaka izitunze kwa siri, sheria inaruhusu, na ombi hilo nitaliandika mimi mwenyewe.

Nitapanda matatu ya asubuhi Ijumaa ijayo, saa nane mchana nitakuwa kwako. Toa lile bati la biskuti unaloweka LPO na hundi, tupange karatasi zote mezani kwa tarehe, kuanzia siku ya kwanza uliyowapelekea mzigo. Malipo yangu usiyataje tena, ulishanilisha yogati ya kutosha tangu tukiwa bwenini.

Wasalimie watoto na baba yao.

Ni mimi dada yako,
Adhiambo