Nimetoka Kigamboni kuja kupanda pantoni

Ganjoni, Mombasa
Alhamisi usiku

Shoga yangu Rukia,

Assalaam aleikum. Hujambo, mzee hajambo, wajukuu hawajambo? Sisi wazima, alhamdulillahi, ukiacha kiuno changu, na hicho nacho kina hadithi yake. Najua umenuna. Wiki nzima nipo kwenu na hujapata hata salamu. Ujumbe wa sauti nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili Baba Nuru akadandia katikati kunisahihisha, nikafuta. Sasa hivi kalala, ndiyo napata nafasi, naandika kwa kidole kimoja. Makosa utayameza.

La shangazi yako lipo, nalijia. Mzigo umefika. Lakini niache kwanza nitoe dukuduku maana nitapasuka.

Rukia, mwanamume huyu ananipandisha pantoni! Watoto wamejinyima, wamechanga, wametutoa Kigamboni, tumekaa ndani ya basi mchana kutwa, mpakani tumepanga foleni mpaka miguu ikavimba, tumefika Mombasa, na mwenzangu anachotaka kukiona ni pantoni. Hapa wanaiita feri. Nimemwambia, Baba Nuru, hata kama wangeiita malaika, ni chuma kile kile ulichokipaka grisi miaka 31 ukiwa fundi wa pantoni Magogoni.

Tena siku za mwanzo alikuwa mtu. Basi lilitupitisha ile barabara ya Dongo Kundu, hatukuvuka kwa feri, akanuna kidogo, nikadhani uchovu. Bamburi tukalala siku 4 walizolipia watoto. Kusi linavuma, bahari imechafuka, hakuna aliyeoga. Tukaenda Haller Park tukalisha twiga kwa mkono, ulimi wake mrefu kama mshipi, nikapiga kelele, basi. Fort Jesus nako tulikwenda. Yule mtembezaji akatueleza kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na kwamba Waomani waliwazingira humo kuanzia 1696 mpaka 1698, miezi 33. Nikamuuliza Baba Nuru, miezi 33 chumba kimoja na watu wale wale, unaona? Mimi siku ya 3 tu nawe Bamburi nimeshachoka. Hakucheka. Alikuwa kwenye vitu vya ile jahazi kubwa ya Kireno iliyokuja kuwaokoa wenzao ikazama hapo hapo mbele ya ngome, 1697. Kasimama pale mpaka wanafunzi wa shule wamekuja wameondoka. Ningejua, ningeshtuka mapema.

Kosa ni langu. Siku za Bamburi zilipokwisha, mimi ndiye niliyesema tuhamie mjini, bei nafuu, nikaipata nyumba hii ya wageni Ganjoni. Sikujua kwamba kutoka hapa mpaka feri ni mguu na njia. Jumatatu jioni akasema twende tukanyooshe viungo. Tukanyoosha mpaka Likoni. Akamwuliza askari nauli shilingi ngapi. "Kwa miguu ni bure, mzee." Ungemwona uso! Kwetu mtu anatoa 200 zake kila akivuka, na huyu tangu tuingie Kenya kila bei anaizidisha kwa 20 kichwani aipate kwa shilingi ya kwetu, akishapata jibu hamu ya kula inamwisha. Leo anasikia bure. "Kwenda na kurudi?" Kwenda na kurudi. "Hata mara mbili?" Askari akamtazama kama anayetazama mgonjwa.

Tulivuka mara nne jioni ile. Likoni kwenyewe sikukuona. Tunashuka, tunazunguka, tunaingia tena foleni na watu wanaotoka kazini, wenye magunia, wenye kuku, wenye mikokoteni. Geti likifunguliwa watu wanateremka mbio kama wamesikia kuna mchele wa msaada. Mkokoteni wa machungwa ndio ulionigonga kiuno, umri huu! Mwenye mkokoteni kaniomba radhi vizuri, "samahani mama, samahani sana", akanipa machungwa mawili. Matamu, sisemi uongo.

Sasa nikwambie kitu nilichokiona, maana ndicho kinachonikosesha usingizi. Feri ikishaondoka, Baba Nuru anavua ndala. Anazishika mkononi, anasimama peku juu ya lile bati la sakafu, macho kayafumba. Mara ya kwanza nilidhani kizunguzungu. Nikamwuliza, akaniambia, "Naisikiliza." Anaisikiliza injini kwa nyayo, Rukia. Watu wanampita huku na huku, mtoto mmoja akamwambia mamake, tazama babu hana viatu, nami nimejifanya simjui. Halafu akafumbua macho akaanza kunionyesha: maji yanapwa, kwa hiyo nahodha haelekezi moja kwa moja, anakwenda kimshazari, anauacha mkondo umsukume hadi ngazini. Ikapita meli ya makontena inaingia Kilindini, ndefu kama mtaa wetu wote, feri ikabidi ingoje. Akasema kama kwetu kabisa, kama Magogoni. Akakaa kimya. Na hapo ndipo nilipokumbuka.

Tangu alipostaafu mwezi wa sita, hajakanyaga Magogoni. Hata mara moja. Akienda Kariakoo anazunguka darajani. Mimi nikimwuliza, ananiambia foleni ya pantoni ndefu. Foleni! Mtu aliyeishi ndani yake. Na mimi nikaamini, kwa sababu nilikuwa na yangu. Saa kumi alfajiri anaamka kama zamani, nasikia anatafuta viatu gizani, anavaa, halafu anakaa barazani na tochi haijawashwa mpaka kunapambazuka. Watoto wanasema baba anapumzika. Anapumzika nini? Kiinua mgongo hajakigusa, hata lile banda la kuku tulilosema tutaliezeka limekaa vile vile.

Na hapa Ganjoni, Jumanne, kaamka saa mbili asubuhi. Saa mbili! Nilimtikisa nikidhani kafa.

Sijui niseme nini. Huenda kwa watu asiowajua haoni haya. Huku hakuna wa kumwita "fundi mstaafu". Huenda ni bure tu, unamjua kwa vya bure.

Haya, shangazi yako. Tumekwenda leo Kuze, Mji wa Kale. Nyumba tuliipata kwa kuuliza kwa muuza kahawa. Ule mlango wa nakshi upo, ila wameupaka rangi ya kijani, nilitaka kulia kwa niaba yako. Bi mkubwa kakonda lakini sauti ile ile uliyoniigizia. Katupa mahamri na mbaazi za nazi, akakaa mbele yetu kuhakikisha tunakula, kila nikisimamisha mkono ananiuliza kama mbaazi zina mchanga. Kitenge na dawa nimemkabidhi mkononi mwake mwenyewe. Alivyosema nakufikishia kama alivyosema: "Mwambie Rukia anijie na mguu wake, asinijie na sanda." Mimi sina langu hapo, Rukia, mimi ni mjumbe.

Baba Nuru akaropoka habari ya feri. Bi mkubwa akaweka kikombe chini. Yeye hapandi, tangu ile iliyozama Mtongwe mwaka 1994, watu 272, jirani yake wa mlango wa pili alikuwamo. "Maji hayana mjomba," akasema. Baba Nuru akajibu taratibu, ilizidishwa watu, ilibeba kuliko uwezo wake. Kwa sauti ile ile anayoitumia akimzungumzia marehemu kaka yake. Kisha akamweleza bi mkubwa jinsi walivyokuwa wakihesabu watu getini usiku wa sikukuu, anasimama na mikono kaipanua mlangoni watu wanamtukana matusi ya nguoni. Rukia, nimeolewa naye miaka 34 na hilo sijawahi kulisikia. Bi mkubwa akamwongeza mahamri.

Kutoka hapo nikamburuta Barabara ya Biashara. Leso yako nimenunua, wakanipindia palepale kwa cherehani mlangoni. Jina lake silisemi, utalisoma mwenyewe na utanitukana. Yeye alikaa kwenye ngazi ya duka, anaangalia saa. Viungo vya pilau vya Marikiti nilivyokuahidi ni robo kilo tu, maana iliki alipoizidisha kwa 20 nusura aanguke.

Jana niligoma. Nikamwambia leo mimi ndiye mgeni, nipeleke bustani ya Mama Ngina nikale viazi karai chini ya mbuyu kama watu wengine na waume zao. Kakubali upesi mno. Tumefika, mihogo ya kukaanga na pilipili na ndimu, dafu, upepo, mapenzi tele. Nageuka, mtu kakaa kaelekea mlango wa bandari. Kumbe pale unaona kila meli inayoingia na kutoka! Nimekula mabuyu hasira mpaka meno yamekuwa mekundu.

Sasa shida yangu. Tiketi zetu ni za kesho asubuhi. Leo jioni, akiwa na ndala zake mkononi, akaniambia bila kunitazama, "Mama Nuru, tuongeze mpaka Jumapili." Mwanamume anayezidisha kwa 20! Nimesema sawa. Tena nimesema haraka kabla hajageuza. Basi lenyewe limekubali kubadilisha siku kwa nyongeza kidogo, hiyo nimeilipa mimi na simwambii.

Kwa hiyo nakuomba: ufunguo uko kwa mama Shufaa. Kuku wape pumba asubuhi na jioni, yule jogoo mwenye shingo tupu usimwamini. Nuru akipiga mwambie tumependa mji, usimwambie habari ya pantoni, atamwita daktari. Na yule fundi bomba akija bila sisi, asiingie.

Nawe niambie. Mzee wako alipostaafu, ule mwaka wa kwanza, alikuwaje? Ulimsemesha au ulimwacha? Maana nakumbuka ulikuwa ukija kwangu na beseni la mchele kuchambua, kumbe ulikuwa unakimbia nyumbani, siyo? Mbona hukuniambia? Tukirudi nimwambie tupite Magogoni, mimi na yeye, kama abiria, nilipe 400 zangu kimya kimya, au nitakuwa namtonesha? Na lini unakuja kumwona shangazi yako? Usinijibu kwa sauti, andika, huyu ana masikio.

Kesho saa kumi na mbili tunaiwahi feri, anasema asubuhi mkondo unakuwa tofauti. Nimemwambia kiuno. Kaniahidi tutakaa mbali na mikokoteni.

Wako,
Mama Nuru