Kabla mdogo wako hajameza dozi nyingine

Kirumba, Mwanza

Mama Kulwa mpendwa,

Salamu zako zimefika, na habari ya mdogo wako imenikosesha usingizi. Malengelenge upande mmoja wa kifua, yanayounguza hata shati likigusa: kwa maelezo yako huo ni mkanda wa jeshi. Ni virusi vilevile vya tetekuwanga, hujificha kwenye mishipa ya fahamu na kuamka kinga ikishuka. Asaiklovia aliyonunua ndiyo dawa yake. Ninachohofia ni kwamba pale dukani alificha kuwa anatumia dawa za kufubaza VVU.

Namwelewa, hapo kisiwani Ukerewe habari hazilali. Lakini kidonge chake cha kila siku kina tenofovia, ambayo wakati mwingine huziumiza figo. Asaiklovia nayo hutolewa na figo hizohizo, na maji yakipungua mwilini inaweza kuganda chembechembe humo ndani. Halafu unaniambia kaongezewa na diklofenaki, ile dawa ya maumivu! Hiyo aiache sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma, maana hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Parasetamoli itamtuliza kidogo mpaka amwone daktari.

Mpeleke hospitali hapo Nansio bila kuchelewa, aende na kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya VVU, apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Figo zikiwa nzima, mtu mzima hupewa miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Zikiwa dhaifu, daktari hupunguza dozi. Tazama pakiti pia: vidonge vya 200 humezwa vinne kwa mara moja, na nimeona wengi wakimeza kimoja. Dawa hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke, ila mwenye kinga dhaifu hutibiwa hata akichelewa.

Na maji, mama! Nawajua wavuvi wa dagaa, usiku kucha ziwani na chupa moja ya maji. Mpaka amalize dozi abaki nchi kavu, anywe maji yaliyochemshwa mara kwa mara. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, au ukipungua, arudi hospitali.

Akianza kuweweseka au kuona watu wasiokuwepo, tafadhali msimpeleke kwa mganga. Huenda dawa imejaa mwilini kwa sababu figo zimeshindwa kuitoa. Vipele vikitokea karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, au vikisambaa mwili mzima, hiyo ni dharura. Pengine atahitaji dawa ya kuchomwa mshipani, na wakiwapa rufaa ya hospitali ya Bugando huku Mwanza pandeni kivuko siku hiyohiyo.

Dawa za kufubaza asiziache hata siku moja. Waombe wapime na wingi wa VVU mwilini, tujue kwa nini kinga imeshuka. Kulwa na Doto, kama hawajawahi kuugua tetekuwanga, wasilale naye hadi vidonda vikauke.

Majibu ya kreatinini yakitoka nipigie unisomee, hata kama ni usiku.

Wako,
Mama Neema