Mjeledi katika mkono wa Doña Consolación

Mhariri,

Nimesoma katika ukurasa wenu wa fasihi muhtasari wa Noli Me Tangere, riwaya ya Mfilipino José Rizal iliyochapishwa Berlin mwaka 1887, na nawashukuru kwa kuileta mbele ya wasomaji wa Kiswahili. Lililonisukuma kuandika ni jinsi wahusika wake walivyopangiwa maana: Ibarra, kijana tajiri aliyerudi kutoka masomoni Ulaya, ni mageuzi; Elías, mtoro anayemsaidia, ni mapinduzi; María Clara, mchumba wa Ibarra, ni nchi iliyodhulumiwa; Sisa, mwanamke maskini wa kijijini, ni mama wa taifa. Huo ni mpangilio wa kujibia mtihani, jina upande huu na maana upande ule, na msomaji akiufuata atapitwa na jambo zito kuliko yote aliyoyasema Rizal, kwamba maradhi ya ukoloni wa Hispania yalikuwa yameshaingia baina ya mtu na nduguye.

Jina la riwaya linatuelekeza huko. Ni Kilatini cha maneno ambayo Yesu anamwambia Mariamu Magdalena katika Injili ya Yohana, sura ya 20, na ambayo wengi wetu tunayajua kama "Usinishike". Madaktari wa zamani waliyatumia maneno hayo kuliita donda baya la usoni, lisilotaka kuguswa, na Rizal alikuwa tabibu wa macho. Katika tabaruku kwa nchi yake anautaja ugonjwa wa jamii kuwa ni saratani, kisha anakumbusha desturi ya watu wa kale ya kumlaza mgonjwa kwenye ngazi za hekalu ili kila ajaye kuabudu amtazame na kushauri dawa. Saratani haimchomi mtu kutoka nje kama mkuki. Ni nyama ya mwili ule ule iliyougeuka mwili.

Muhtasari wenu umempa Sisa sentensi moja: mama aliyepoteza watoto akashikwa na wazimu. Rizal anaanza na hesabu. Crispín, mwanawe mdogo, anayepiga kengele za kanisa pamoja na kaka yake Basilio, anatuhumiwa kuiba sarafu mbili za dhahabu, yaani peso 32, ilhali mshahara unaotajwa ni peso mbili kwa mwezi. Usiku huo Sisa amewaandalia wanawe chakula wasichokizoea: samaki wadogo, nyama kavu ya nguruwe mwitu na paja la bata alilopewa na mzee Tasio. Kabla watoto hawajarudi anaingia mumewe, mcheza kamari asiyebanduka kwenye mapigano ya majogoo, anakula karibu chote na kwenda zake. Askari wa Guardia Civil, yaani polisi wa kikoloni, bado hawajaukanyaga mlango huo. Aliyekula chakula cha watoto ni baba yao.

Baadaye ndipo askari wawili wanapomchukua Sisa na kumpeleka kambini, wakimpitisha kijijini wakati watu wanatoka misa, na aibu hiyo imeandikwa kwa namna ambayo msomaji anainamisha macho pamoja naye. Rizal aliijua. Alipokuwa bado mtoto, mama yake, Teodora Alonso, alishtakiwa kwamba alitaka kumtilia wifi yake sumu, akatembezwa kwa miguu kutoka Calamba hadi Santa Cruz, mji mkuu wa jimbo, akakaa gerezani zaidi ya miaka miwili. Shutuma ilitoka kwa wifi huyo huyo.

Sasa nifike kwenye sura ambayo muhtasari wenu haukuigusa kabisa. Doña Consolación alikuwa dobi, mwenyeji wa nchi, aliyeolewa na ofisa Mhispania wa Guardia Civil. Tangu aolewe hujifanya hajui Kitagalogi, lugha aliyozaliwa nayo, na Kihispania chake kimevunjika vipande. Siku ya sikukuu ya kijiji mumewe anamkataza kwenda misa kwa kuona haya kuonekana naye. Katika hasira hiyo anaamuru aletewe mwendawazimu aliyemo kambini, naye ni Sisa, na kumtaka aimbe. Sisa anaimba wimbo wa kwao. Wimbo unapoingia moyoni, Doña Consolación anamaka na kumwambia anyamaze, maneno yale yanamuumiza, na anayasema hayo kwa Kitagalogi safi, hata askari aliyesimama pale anashangaa kuwa kumbe bibi anakijua. Baada ya kufichuliwa hivyo ndipo anapouchukua mjeledi na kumlazimisha Sisa acheze, akimchapa miguuni mpaka damu inatoka.

Naomba tusiipite haraka sura hii. Mwanamke anayechapa na mwanamke anayechapwa wamelelewa kwa lugha moja na nyimbo zile zile. Kinachompandisha mori mwenye mjeledi ni kuguswa pale alipokuwa amepaziba. Mahali pengine katika riwaya mwalimu wa shule anasimulia jinsi Padre Dámaso, padri Mhispania, alivyomkataza kusema Kihispania, akimwambia asivae nguo za kuazima, atosheke na lugha yake. Basi mmoja ananyimwa lugha ya mtawala, na mwingine anaikana ya mama yake ili afanane na mtawala, na wote wawili wametoka mikononi mwa utawala ule ule. Ukimwita Sisa "mama wa taifa" ukaishia hapo, utamwita nani Doña Consolación? Naye pia ni binti wa nchi hiyo.

Elías na Ibarra nao hawasimami mbali kama njia mbili za kuchagua. Babu yake Elías, karani huko Manila, alisingiziwa kuchoma nyumba ya biashara, akachapwa hadharani, na ukoo wake ukaangamia. Elías anakuja kugundua, akiwa katikati ya kumsaidia Ibarra, aliyesingiziwa uasi, kuteketeza karatasi za hatari, kwamba mshtaki alikuwa baba wa babu yake Ibarra. Anashika kisu, kisha anakiacha na kukimbia. Halafu mtu huyo huyo anarudi, anamtoa Ibarra gerezani, na ziwani anajitosa majini ili risasi zimfuate yeye. Anakufa usiku wa kuamkia Krismasi katika msitu wa akina Ibarra, lilipo kaburi la yule aliyeuangamiza ukoo wake, karibu na maiti ya Sisa na mbele ya Basilio.

María Clara namtaja kwa ufupi, kwa kuwa jina lake limekwisha kuwa kielelezo cha upole na kila mtu humwanzia yeye. Baba yake wa damu ni Padre Dámaso, na barua ya Ibarra iliyotumiwa kumtia hatiani ilitoka mikononi mwa María Clara mwenyewe, akibadilishana nayo barua za marehemu mama yake ili siri hiyo isifichuke.

Haya siyasemi ili kumpunguzia mkoloni mzigo. Kwa amri ya Dámaso maiti ya Don Rafael, baba yake Ibarra, ilifukuliwa ihamishiwe makaburi ya Wachina, na mchimba kaburi, kwa mvua na uzito, akaitupa ziwani. Ila Rizal, ambaye Wahispania walimpiga risasi Manila tarehe 30 Desemba 1896, hakutaka msomaji wake amalize kitabu akiwa na mtu mmoja tu wa kumchukia.

Tafsiri ya Kiingereza niliyoisoma nililetewa na binti yangu anayefanya kazi hospitalini Muscat, ambaye aliipata kwa muuguzi mwenzake Mfilipino. Kwao husomwa shuleni kwa sheria ya mwaka 1956. Binti yangu alimuuliza ni mhusika gani asiyemtoka moyoni, naye akamtaja Sisa. Mkiirudia riwaya hii katika ukurasa wenu, naomba nafasi mliyowapa Ibarra na mchumba wake safari hii muipe sura ya wimbo na mjeledi, na ikiwezekana muichapishe yote kwa Kiswahili.

Mwalimu mstaafu wa fasihi,
Tanga